Kura ya Baba Yake Odessa

Kura za kiti cha wilaya yetu katika bunge la jimbo zilikuwa zimelingana, na kwa sheria yetu mshindi hupatikana kwa kuokota kikaratasi chenye jina lake kwenye bakuli.

Binti yangu Odessa, mgombea, alinishika mkono. Baba yake alimpigia kura kwa posta, akafariki siku mbili kabla ya uchaguzi. Bahasha yake ikakataliwa.

"Marehemu hapigi kura, mama. Pole," karani wa uchaguzi alikuwa ameniambia.

"Alipopiga alikuwa hai!"

Sasa karani huyo alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono bakulini. Kikaratasi kilimnata kwenye kidole gumba.

"Miaka arobaini kiti ni cha wapinzani wetu," Odessa alininong'oneza. "Usinililie mbele yao, Mama."

Karani alisoma kimyakimya. Alipoinua macho, hakumtazama Odessa. Alinitazama mimi. "Pole tena, mama," alisema.