Kidole cha Bi Mashavu

Kidole gumba cha Bi Mashavu kilikuwa kimeshapakwa wino, kimebaki kuigusa tu karatasi ya mkopo wa cherehani aliyoileta mkopeshaji, binti yake Siwema alipoivuta akaisoma. Mwaka mzima Siwema alikuwa akililalamikia somo la fedha, ambalo usipolifaulu hupewi cheti cha kumaliza sekondari.

"Samahani, baba. Hii asilimia kumi ni ya mwezi au ya wiki?" akamuuliza mkopeshaji.

Mkopeshaji akakohoa. "Ya wiki, binti yangu. Kawaida tu."

"Mama, kwa mwaka riba peke yake ni bei ya cherehani tano!"

Bi Mashavu akatikisa kichwa kuukataa mkopo. Mkopeshaji alipoondoka na karatasi yake, mama alikitazama kidole, akacheka, kisha akakikandamiza kwenye daftari la Siwema la somo la fedha, pale mwalimu alipoandika: *Sahihi ya mzazi.*