Mkono Wenye Unga

Tangu alfajiri mtoto alikuwa hajacheza tumboni, na Sikudhani alikuwa hajamwambia mtu. Alibeba ndoo yake ya mahindi mpaka mashineni, akapanga foleni kama wenzake. Lakini tumbo la miezi tisa ni mali ya umma.

"Huyo dume, tumbo limechongoka hivyo," alisema mama mmoja asiyemjua, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. "Mwanangu, kichwa cha baba yake kina ukubwa gani?"

Foleni ikacheka. Yule mama akanyoosha mkono, akalishika tumbo bila hodi. Siku nyingine Sikudhani angeupiga kofi mkono huo. Leo aliukandamiza kwa mikono yake miwili.

"Mama, unasikia chochote?"

Yule mama akaacha kucheka. "Mashine inatetemesha kila kitu." Akamgeukia kijana wa mashine. "Kombo, zima."

"Nina debe la mtu humu, mama."

"Zima, baba."

Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Unga uliokuwa hewani ukaanza kutua mabegani mwao, nao mkono wa yule mama ukashuka chini kidogo, ukatulia, ukasogea tena, ukimtafuta mtoto.