Kabureta ya Mlimani

Nikiseti kabureta mimi, gari linapanda hata ukuta.

Shemeji alirudi kwa miguu, paji la uso limepasuka. Gari lake lilizimika katikati ya mlima, likarudi nyuma, likapinduka naye.

"Nani aliseti kabureta?"

Nikamnyooshea kidole kaka, aliyekuwa kando yangu akiosha plagi. Kabla hajajitetea, ngumi ilitua mdomoni. Jino likadondokea kwenye beseni la petroli na kuzama taratibu, likiacha uzi mwekundu. Shemeji akaokota spana kubwa.

"Kaka naye!" nikasema. "Mimi ningeijaribu mlimani kwanza."

Dada akatokea mlangoni.

"Mume wangu, utaua asiyehusika. Jana nilimwona huyu mropokaji akiiseti hapa uani, kwenye tambarare. Nikamwambia aipeleke mlimani. Akanicheka."