Maandishi Mekundu

Familia za wanajeshi wastaafu husajiliwa kwa namba ya jeshi ya baba, na pale mapokezi ya kliniki Bi Sikudhani aliitaja ya mumewe bila kusita.

"Afadhali siku hizi, mama," nesi alisema huku akimgeuzia kompyuta. "Tumeunganishwa na hospitali ya kambi. Faili la mzee hili hapa, hata dawa zinazomdhuru zimewekwa rangi nyekundu."

Bi Sikudhani aliinama akasoma: Asichomwe penisilini.

Ndiyo sindano waliyomchoma mumewe hapahapa mwaka jana, kwa nia njema kabisa, akafia mikononi mwake.

"Na mzee mwenyewe mbona haji kliniki?" nesi aliuliza.

Bi Sikudhani aliweka kidole juu ya maneno yale mekundu. Kioo kikazimika chenyewe, kidole bado kipo palepale.