Kikohozi cha Pikipiki

Siku hizi kila nyumba hupewa kikombe kimoja tu cha petroli kwa mwaka. Nyamizi alikitunza chake kwa ajili ya baba yake, ambaye hamtambui mtu tena. Alisafisha kabureta ya pikipiki kuukuu ya mzee uani, akakaza skrubu ya hewa mpaka injini ikanguruma laini kama cherehani.

“Hiyo ya nani?” mzee akauliza, kisha akageukia ukuta.

Hapo Nyamizi akakumbuka: pikipiki ya baba haikuwahi kunguruma laini hata siku moja. Akailegeza skrubu kidogo kidogo, mpaka pikipiki ikaanza kukohoa.

Mzee akainuka, akaketi mbele, akashika usukani.

“Nyamizi! Panda upesi, mama, utachelewa shule.”

Nyamizi, na mvi zake zote, akapanda nyuma, akamkumbatia. Wakakaa palepale uani, huku petroli ikiisha.