Bega la Shitanda

"Wewe umekaa hapa na goti lako limefungwa bandeji. Sasa mimi naangushwa badala ya nani?" Nasambu alimfokea mwanawe, mkono begani, ugali ukiungua jikoni.

Sheria ilikuwa wazi: mchezaji wa raga ya ridhaa haingii uwanjani mpaka mtu mwingine avae mkanda wa kumpokelea maumivu yake. Wa Makokha aliuvaa Nasambu, mkononi.

"Ni Shitanda, Mama," Makokha alisema, macho chini. "Mama yake ameuvua mkanda. Tungebaki kumi na wawili, pungufu ya wanaotakiwa, nikamwandikisha kwako. Tukikosa mechi ya leo, timu inafutwa."

"Kwangu? Nilimzaa lini huyo?"

"Vumilia kidogo tu, Mama. Mechi inakaribia kuisha."

Kishindo kingine kikamshukia begani, akang'ang'ania meza. Ajabu ni kwamba hakumkasirikia Shitanda. Alitaka kujua kama kijana yule ameinuka, kama kuna mtu aliyempa maji. Hapo akachanganyikiwa. Je, hayo yalikuwa maumivu ya mtoto wa watu, au ni huruma yake mwenyewe? Hakuweza kutofautisha.

"Vijana wamewakimbia, sasa mnasajili mama zenu," alisema. "Basi mbebe wewe."

Akaufungua mkanda, akamshika Makokha mkono na kumfunga kabla hajajivuta. Kijana akapiga yowe, akajikunja kitini. Nasambu akageuka kuepua ugali, bega likimuuma vilevile.