Hitimisho la Mwalimu Kwa Hiyo

"Samahani, mwalimu. Mke wako anaondoka," alisema binti wa safu ya nyuma, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

Mwalimu hakuwa mtu wa kubabaika. Wanafunzi walimpa jina la Kwa Hiyo, maana hakuweza kuomba hata chumvi bila kupitia neno hilo. Alifundisha namna ya kuipa kompyuta maarifa na kuifunza kufikiri, kozi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, walioielewa vizuri ni yeye na kompyuta. Na kompyuta bado alikuwa na shaka nayo.

Asubuhi hiyo alitaka kuonyesha kwamba mashine haihitaji makubwa. Ipe taarifa, ipe kanuni, jibu litajileta lenyewe. Mfano aliuchukua nyumbani kwake, kwa sababu, alisema, "kule ndiko waliko watu wasiojua mantiki."

Akaandika ubaoni. Mke hasemi. Mke ameleta maboksi matupu kutoka dukani. Mke anakunja nguo kila jioni. Mke anaimba jikoni.

"Kwa hiyo mashine itasema nini? Itasema mke anafanya usafi. Nani anapinga?"

Hapo ndipo binti wa safu ya nyuma alipopinga.

"Hilo umelitoa wapi?" Kwa Hiyo aliuliza.

"Hapo hapo ubaoni, mwalimu. Anayefunga mizigo huondoka. Yeye anafunga mizigo."

"Na kuimba?"

"Kuimba ndiko kubaya zaidi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwa Hiyo akatabasamu lile tabasamu la mtu anayemsamehe mtoto aliyemkanyaga kidole.

Kiongozi wa darasa, kijana mpole mwenye miwani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo nguo anazokunja ni za nani?"

"Nguo ni nguo. Usiitwishe mashine mambo yasiyo na maana. Kwa hiyo, zoezi hili mmefeli wote."

Hakuona pia maana ya kuandika kwamba nyumba yenyewe mkewe aliachiwa na baba yake. Wala kwamba juzi juzi, mkewe alipomwambia, "Nimechoka kuishi na mtu anayenisahihisha," yeye alimjibu, "Kuishi naye, au kukaa naye chini ya paa moja? Ni vitu viwili tofauti." Hapo ndipo mkewe alipoacha kusema. Kwa Hiyo alidhani amemshawishi.

Baada ya kipindi alijifungia ofisini ili awaumbue wale watoto kwa ushahidi. Akaiandikia kompyuta taarifa zile zile, akaongeza na kanuni zake, akauliza.

Mke anaondoka, ikajibu kompyuta.

Akafuta kanuni moja. Akaiandika upya kwa ustadi zaidi, akauliza tena.

Mke anaondoka.

Akaizima kompyuta. Kuna wakati mkewe alikuwa akimpokea mlangoni, anamuuliza, "Haya, leo umemfunza nini huyo kompyuta wako?" kisha anacheka kabla hajajibiwa. Aliacha lini? Kwa Hiyo alijaribu kukumbuka, akakuta hajui. Mtu aliyekariri kila kanuni ya kufikiri, na hilo hakuwa nalo.

Akatoka mbio, hata mlango wa ofisi akasahau kuufunga.

Njiani alitunga maneno. "Kwa hiyo, mke wangu..." Hapana. Akaanza upya. "Mke wangu, nimekosa. Usiniache." Sentensi fupi, isiyo na uthibitisho wowote, na ilikuwa ngumu kuitamka kuliko mihadhara yake yote. Aliirudia mpaka watu kwenye kituo cha basi wakaanza kumwangalia.

Akakatiza kichochoro cha nyuma ili awahi. Uani, magauni ya mkewe yalikuwa yameanikwa, bado yakidondosha maji. Kwa Hiyo akasimama kuyatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumua. Anayesafiri haachi nguo mbichi kambani. Hiyo nayo ni kanuni.

Akaingia kwa mlango wa jikoni. Mkewe alikuwa sebuleni, miguu ameinyoosha juu ya stuli, ndala chini, anamenya chungwa taratibu kama mtu asiye na safari wala haraka.

"Umewahi leo," mkewe alisema.

"Huondoki?"

Mkewe akamtazama kama aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. "Niende wapi mimi? Hapa si ndipo kwetu?"

Moyo wa Kwa Hiyo ukarudi mahali pake, na kiburi kikarudi nao bega kwa bega. Ile sentensi aliyoibeba njia nzima akaimeza kimya kimya. Ya nini kuomba radhi kwa kosa ambalo halijatokea? Akatoa simu, akampigia kiongozi wa darasa.

"Waambie wenzako mke wangu haendi popote. Nimemuuliza mwenyewe. Kwa hiyo kesho mje tayari, nitawasahihisha mmoja mmoja."

Mkewe akatia kipande cha chungwa mdomoni, akaendelea kutafuna.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akaingia kaka wa mkewe, fundi magari asiye na maneno mengi, anajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Shemeji," alisema kwa upole, "mizigo yako yote nimeshaipakia kwenye gari. Nikupeleke wapi?"